Sura ya Sita: Kuifundisha Mashine Saa ya Bamvu

Ukifika Msimbati ukamwuliza bibi wa pwani maji yatapwa saa ngapi, hatatazama saa. Atakuuliza mwezi una siku ngapi. Ukimwambia kumi na tano, jibu analo papo hapo: hilo ni bamvu, maji yatapwa sana kuanzia saa nne asubuhi, chukua mti wako wa kuchokolea pweza uwahi mwambani. Ukimwambia siku ya nane, atakushauri utafute kazi nyingine, maana hayo ni maji mafu na mwamba hautatoka.

Bibi huyo amepiga hesabu. Amepokea namba moja, akaipitisha kwenye kanuni aliyorithi kwa mama yake, akatoa saa. Kanuni ya namna hiyo, ikiandikwa hatua kwa hatua hadi mashine iweze kuifuata, ndiyo inayoitwa programu. Ya bibi haijaandikwa popote. Mjukuu wake aliye kidato cha pili mjini Mtwara anaingia chumba cha kompyuta akiwa na hofu, akidhani anakwenda kukutana na jambo ambalo kwao halijawahi kusikika.

Sura hii namwandikia mwalimu wa mjukuu huyo. Ninachomwomba ni kwamba mtoto wa pwani hii aanze kuandika programu kwa kazi za kwao na kwa lugha anayoiwazia, na kile anachokitengeneza kirudi kwa watu wa kwao wakipime.

Vitu vinavyopita

Mtwara imezoea kuona mambo makubwa yakipita. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mashamba yake. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ikatandikwa kwenda bara. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa. Bandari ilibaki, lakini reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwaka 1982 gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi, jirani na Msimbati. Leo inaendesha mitambo ya umeme ya Mtwara, na tangu 2015 inasafishwa Madimba kisha inasafiri kwa bomba la zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Kabla bomba halijakamilika, mwaka 2013, watu wa Mtwara walihoji gesi ikiondoka wao watabaki na nini. Swali hilo lilifika barabarani, na maisha ya watu yakapotea. Tena mwaka 2009, mkongo wa kwanza mkubwa wa mawasiliano wa baharini katika ukanda huu, SEACOM, ulilazwa kutoka Afrika Kusini na Msumbiji hadi Dar es Salaam na Mombasa. Ili ufike huko ulipita baharini, mbele ya mlango wa Mto Ruvuma.

Simkumbushi msomaji haya ili kufufua machungu. Kinachobaki mahali ni kile ambacho watu wa mahali hapo wanaweza kukifanya wenyewe. Bomba linabeba gesi na mkongo unabeba taarifa, lakini ujuzi wa kutengeneza kitu haupiti chini ya bahari. Unakaa kichwani mwa mtu, na mtu huyo lazima awe amefundishwa.

Nchi nzima, si kusini tu, ilichelewa kwenye jambo hili. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Somo la kompyuta liliingia sekondari baadaye katika muongo huo, kwa shule chache zilizokuwa na vifaa. Sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ilitoka 2003. Mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 imeweka mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, na imelipa neno ujuzi uzito ambao halikuwa nao. Mlango umefunguliwa kisheria. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na kompyuta za kuhesabika ndiye anayejiuliza apitie vipi.

Somo la kwanza halina kompyuta

Anza ubaoni. Wapangie wanafunzi kazi ya nyumbani ya wiki moja: kila mmoja amwulize mtu wa pwani, iwe mvuvi, mama anayetanda uduvi au mzee wa ngalawa, maji yanapwa saa ngapi na yeye anajuaje. Wakirudi na majibu, yaandike yote hata yanayopingana.

Mwanga utaanza kutoka humo. Bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku. Kila siku inachelewa kwa takriban dakika 50, kwa sababu mwezi nao unachelewa kiasi hicho kurudi mahali pake angani. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na bamvu linakuja. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo inapingana, maji yanakuwa mafu. Kwenye pwani yetu maji ya bamvu hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano hivi, asubuhi na usiku.

Sasa waambie waiandike kanuni kwa Kiswahili cha kawaida. Tuanzie bamvu ambalo maji yamepwa saa 4:30 asubuhi. Kesho yatapwa saa 5:20. Keshokutwa saa 6:10 mchana. Baada ya siku saba tumeongeza dakika 350, tumefika saa 10:20 jioni, na kweli hayo ndiyo maji mafu. Baada ya siku kumi na tano tumeongeza dakika 750, ambazo ni saa kumi na mbili na nusu, na hesabu inaangukia saa 5:00 usiku.

Hapo darasa litagawanyika. Wengine watasema kanuni imekosea, maana siku ya kumi na tano ni bamvu tena na bibi alisema maji hupwa saa nne asubuhi. Usiwape jibu, waache wabishane. Punde mmoja atakumbuka kwamba bahari hupwa mara mbili. Kati ya kupwa kumoja na kwingine kuna kama saa 12 na dakika 25. Toa hizo kutoka saa 5:00 usiku, unapata saa 4:35 asubuhi. Mzunguko umerudi pale ulipoanzia, na kanuni ya bibi imesimama.

Mwanafunzi aliyefika hapo ameshaandika programu, ingawa hajagusa kibodi. Ameainisha kinachoingia, kinachotoka, hatua za katikati, na jambo linalojirudia.

Saa hasi tatu

Kanuni ikihamia kwenye kompyuta, jambo la kwanza litakalowasumbua ni saa yenyewe. Kompyuta inaanza siku usiku wa manane. Mswahili anaanza kuhesabu saa kunapokucha, na anaanza upya jua linapozama. Kompyuta ikionyesha 10:00, kwetu ni saa nne. Kila mtoto anajua kuhama kutoka saa moja kwenda nyingine bila kufikiri, na kwa sababu hafikiri, hana habari kwamba anatumia kanuni.

Waambie waiandike. Karibu wote wataandika: toa sita. Watajaribu 10, watapata 4, watafurahi. Watajaribu 8, watapata 2, sawa. Kisha waambie wajaribu 6. Skrini itaonyesha sifuri. Wajaribu 3, saa tisa ya usiku, skrini itaonyesha hasi 3.

Hakuna aliyewahi kuamka saa hasi tatu. Darasa litacheka, na hapo ndipo pa kusimama. Mashine haijakosea hata chembe. Imetii ilichoambiwa. Kilichokosekana ni kile ambacho wanafunzi walikijua wakasahau kukisema: kama jibu ni sifuri au chini ya sifuri, basi ongeza kumi na mbili. Wakiongeza mstari huo, 6 inakuwa saa 12 na 3 inakuwa saa 9. Neno kama na neno basi, wanayoyatumia tangu wajifunze kusema, yamekuwa zana mkononi mwao.

Wakishazoea, ongeza ugumu. Programu itaje na kipindi: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Asubuhi inakwisha saa ngapi? Saa kumi na moja na nusu ni alfajiri au bado usiku? Watu wazima huelewana bila kuweka mipaka, lakini mashine haikubali hivyo. Darasa litalazimika kuamua, kuandika uamuzi wake, na kuweza kuutetea. Hilo ni zoezi la kufikiri ambalo hata mwanafunzi asiyegusa kompyuta tena maishani atalibeba.

Kuhusu lugha, kuna hofu isiyo ya lazima. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, na wengi huamini kwamba asiyekimudu hawezi kuandika programu. Lugha ya programu ya Python ina maneno yake maalumu 35 tu. Mengine mengi, majina ya vitu na ya kazi anazoziunda, anayachagua mwandishi. Hakuna kinachomzuia mwanafunzi kuviita siku, maji, saa_ya_kupwa. Maneno 35 yanakaririka katika muhula mmoja. Kufikiri kwa mpangilio ndiko kunakochukua miaka, na kufikiri huko kufanyike katika lugha ambayo mtoto haihangaikii.

Kobe wa Papert na kasa wa Msimbati

Wazo la kumpa mtoto usukani wa mashine lina zaidi ya nusu karne. Mwaka 1967 Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Marekani, pamoja na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walitengeneza lugha ya Logo kwa ajili ya watoto. Humo mtoto alimwamuru kobe wa kwenye skrini: nenda mbele hatua mia, geuka kulia, nenda tena, na kobe akaacha mchoro nyuma yake. Papert aliamini kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiongoza kompyuta, na kwamba akikosea anatazama alipokosea, anarekebisha, anaendelea. Kutoka shina hilo ilizaliwa Scratch mwaka 2007, katika maabara ya chuo cha MIT chini ya Mitchel Resnick. Humo amri ni vipande vinavyounganishwa kama matofali. Scratch inapatikana kwa Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta.

Huku kwetu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kasa wa kweli hupanda ufukweni kutaga na kuacha njia yao mchangani. Mwalimu wa Mtwara hana haja ya kuazima kobe wa mbali. Mwache mwanafunzi achore kasa wake kwenye skrini, ampandishe ufukweni maji yakijaa, amchimbishe shimo, amrudishe baharini. Humo kuna hatua, marudio na masharti, na mtoto anajifunza pia kwamba shimo lile halifukuliwi.

Wapo walioonyesha kwamba jambo hili linawezekana Tanzania. Mwaka 2013, Dar es Salaam, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls kuwafundisha wasichana wa sekondari kuandika programu kupitia klabu za shuleni. Kuanzia kwenye klabu kulikuwa na busara, kwa kuwa klabu haihitaji kusubiri ratiba ya masomo ibadilike. Mwaka uliofuata watoto walianza kuona Ubongo Kids kwenye televisheni, katuni za hesabu na sayansi zilizotengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili. Mtoto wa Kitanzania akaona kwamba katuni zinaweza kutengenezwa hapa na kuzungumza kama yeye.

Nahodha na mshika usukani

Kuhusu uchache wa vifaa, mwalimu atazame ngalawa. Nahodha anatazama upepo na kuamua njia, mwingine ameshika usukani. Kwenye kompyuta moja waketi wawili. Mmoja ana kibodi, haruhusiwi kuandika ambacho hakuambiwa. Mwenzake ana daftari lenye hatua, haruhusiwi kugusa kibodi. Kila baada ya dakika kumi wabadilishane. Utaratibu huu unamlazimisha nahodha kusema anachokiwaza kwa maneno kamili, na unamzuia mwanafunzi mmoja hodari, ambaye mara nyingi ni mvulana, kuimeza mashine peke yake huku wasichana wakitazama mgongo wake.

Umeme ukikatika, daftari linabaki, na kazi inaendelea mezani. Mwanafunzi mmoja awe mashine, afuate hatua za mwenzake neno kwa neno, bila kumsaidia kwa huruma. Wengi hugundua makosa yao hapa kuliko kwenye skrini.

Bahari ikishazoeleka, wageukie shamba. Tangu 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka kwenye chama cha msingi, zinakusanywa ghalani, zinauzwa mnadani, kisha analipwa bei ya mnada ikiondolewa makato. Katika nyumba nyingi mtoto wa sekondari ndiye anayepewa karatasi ya malipo hayo aisome na kuieleza. Aijengee jedwali kwenye kompyuta: kilo, bei, kila kato kwenye safu yake, na mwisho fedha inayopaswa kufika mkononi. Akibadilisha bei, jibu libadilike lenyewe. Mzazi aliyeona mwanawe akimfafanulia malipo ya msimu mzima hatauliza tena kompyuta ina faida gani.

Dakika tatu za korosho

Kutengeneza video kufundishwe pamoja na programu, kwa sababu nako ni kupanga hatua ili mtu asiyekuwepo aelewe. Simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo klabu iwe na simu moja au mbili zinazotunzwa na mwalimu. Zinatosha.

Kazi ya kwanza iwe fupi: dakika tatu, kubangua korosho nyumbani, kwa picha sita zisizotikisika. Korosho mbichi kwenye ungo. Moto na moshi wakati wa kuchoma. Mikono ikipasua ganda. Uso wa anayebangua. Kokwa nyeupe ikitoka. Na vidole vyenyewe, kwa karibu, vilivyoungua kwa mafuta makali ya ganda. Picha hiyo ya mwisho ndiyo yenye habari. Mtazamaji wa mbali anayekula korosho hajui kwamba ganda lina mafuta yanayochubua ngozi, na vidole vile vinamwambia bila msimulizi kuongeza neno.

Sauti ndiyo itakayowatesa. Upepo wa kusi ukiingia kwenye simu, mazungumzo yote yanakuwa mngurumo. Wafundishe kumpa mzungumzaji kona iliyokingwa na ukuta, kusogea hadi hatua moja, na kufunika kinasa sauti kwa kipande chepesi cha kanga. Kabla ya kuondoka wasikilize walichokirekodi, kwa sababu mama aliyemaliza kubangua hatawasha moto upya kwa ajili ya kosa lao.

Na kabla ya simu kutolewa mfukoni kuna somo lingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zipo, na mwanafunzi azijue. Lakini adabu yetu ilitangulia sheria: unapiga hodi, unaamkia, unaeleza umekuja kufanya nini, unaomba ruhusa, na ukikataliwa unashukuru. Mwenye picha aione kabla watu wengine hawajaiona. Kijana aliyezoea kuomba ruhusa kwa mama wa korosho hatasambaza picha ya mwenzake darasani.

Karatasi ya diko

Mwisho wa muhula kazi itoke shuleni. Programu ya maji ichapishe jedwali la mwezi mzima kwa saa za Kiswahili: siku ya mwezi, saa ya kupwa asubuhi, saa ya kupwa usiku, na alama kwenye siku za bamvu. Karatasi hiyo ibandikwe diko, pale samaki wanapoteremshwa, na pembeni yake ining'inie kalamu kwa uzi.

Ndani ya wiki mbili itakuwa na maandishi. Mmoja ataandika kwamba siku fulani maji yalichelewa. Mwingine ataeleza kwamba kusi kali lilisukuma maji hayakutoka yote. Wa tatu atakata tarehe na kuandika nyingine, kwa sababu mwezi uliandama siku moja baada ya ile waliyoikadiria wanafunzi. Mtu asiyejua kusoma atamwita mtoto amwandikie.

Mwalimu aibandue karatasi hiyo airudishe darasani ikiwa na michirizi yake ya wino na harufu yake ya samaki, aiweke mezani mbele ya nahodha na mshika usukani. Pale waliposema dakika 50 kila siku, bahari imesema wakati mwingine 40, wakati mwingine zaidi ya saa nzima. Pale walipousahau upepo, mvuvi ameukumbuka. Wafungue programu yao na waanze na mstari wa kwanza uliosahihishwa.